Vifaa vya kujifunza funguzi za sataranji ukiwa Lubumbashi: kipi ununue kwanza, kipi uache

Mchezaji mwenye Elo (alama za kupima nguvu ya mchezaji) ya 1000 hadi 1700 anahitaji kifaa kimoja tu cha ufunguzi, yaani cha hatua za mwanzo wa mchezo: kile kinachojibu hatua ambazo wapinzani wake wanazicheza kweli. Vifaa vingi vinavyouzwa vinajibu hatua za mabingwa wa dunia. Ndiyo maana mtu anamaliza kitabu cha kurasa 400, halafu anakwama mbele ya mpinzani aliyesukuma pioni hadi h6 kwenye hatua ya tatu, kwa sababu kitabu hakikuigusa kabisa.

Kabla ya kutoa hata dola moja, chukua daftari. Fungua michezo yako 30 ya mwisho na uchore safu nne: rangi yako, hatua mbili za kwanza za mpinzani, namba ya hatua ambapo hukujua tena la kufanya, na sababu ya kushindwa au kushinda. Kazi hiyo inachukua saa mbili hivi. Ukikuta kwamba michezo 20 kati ya 30 uliipoteza kwa kuacha farasi au ngome bila ulinzi kwenye hatua ya 15 au ya 18, funga ukurasa huu ukanunue kitabu cha mazoezi ya mbinu. Ufunguzi hautakusaidia bado. Ukikuta kila mara unafika hatua ya nane askofu wako amefungwa na mfalme yuko katikati, basi endelea.

Jambo la pili ni herufi, na hapa kwetu linawaumiza wengi. Vitabu vya Kifaransa vinaandika R kwa mfalme, D kwa malkia, T kwa ngome, F kwa askofu na C kwa farasi. Vile vya Kiingereza vinavyopitia Kasumbalesa kutoka Zambia na Afrika Kusini vinaandika K, Q, R, B na N. Tazama ile R: kwa Wafaransa ni mfalme, kwa Waingereza ni ngome. Anayesoma lugha mbili kwa wakati mmoja atacheza Re1 akiwa amehamisha kitu kingine kabisa. Kitabu chenye picha ndogo za kete badala ya herufi kinaondoa tatizo hilo, kwa hiyo kikiwepo, chukua hicho hata kama ni cha Kirusi. Kwa vitabu vilivyotumika, fungua ukurasa wowote wa katikati: ukiona P4R au P-K4, huo ni mfumo wa zamani wa kuandika hatua ambao FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, iliacha kuutambua mwaka 1981. Maelezo yake yanaweza kuwa mazuri, lakini utatumia nguvu zako kutafsiri badala ya kujifunza. Humu tunatumia herufi za Kifaransa.

Nafasi ya kwanza: studio yako mwenyewe kwenye Lichess, bure

Lichess ni tovuti ya chama kisicho cha faida kilichosajiliwa Ufaransa. Ilianzishwa na Thibault Duplessis mwaka 2010, haina matangazo, na hakuna sehemu yake inayofungwa hadi ulipe. Tunaiweka mbele ya vitu vyote vya kulipia kwa sababu ya kifaa kimoja: kitabu chake cha funguzi kinakuonyesha watu wa kiwango chako wanacheza nini.

Fanya hivi. Fungua akaunti, ingia kwenye ubao wa uchambuzi, gusa alama ya kitabu. Utaona hifadhi ya mabingwa na hifadhi ya wachezaji wote. Chagua ya pili, kisha weka kiwango, kwa mfano 1200 hadi 1600, na uondoe michezo ya haraka mno. Cheza 1.e4 e5 2.Cf3 Cc6 3.Fc4 utazame asilimia. Utakuta 3…h6, 3…d6 na 3…Cd4 zinachezwa mara nyingi kuliko vitabu vizito vinavyodhani. Kila hatua inayochezwa zaidi ya asilimia tano, iandikie jibu moja katika studio, yaani daftari lako la hatua ndani ya Lichess. Iliyo chini ya hapo, iache kwa sasa. Kumbuka pia kwamba alama za Lichess kwa kawaida ziko juu kuliko Elo ya FIDE, kwa hiyo chagua kiwango kwa alama zako za Lichess, si kwa Elo yako ya FIDE.

Studio moja inabeba sura 64, na hizo ni nyingi mno. Sura 12 hadi 15 kwa kila rangi zinatosha. Chini ya Elo 1400 simama hatua ya sita au ya nane. Kati ya 1400 na 1700 nenda hadi ya kumi. Katika kila hatua ya tatu andika sentensi moja ya sababu kwa Kiswahili chako: "h6 imempotezea muda, nafungua katikati kwa 4.d4." Sentensi hiyo ina thamani kuliko hatua tano za ziada, kwa sababu mpinzani akibadilisha mpangilio utabaki na wazo. Ukitengeneza sura, chagua aina ya somo ambayo menyu ya Kifaransa inaiita leçon interactive, ili tovuti ikuulize hatua badala ya kukuonyesha tu.

Ubao na hatua ni maandishi matupu, havili mega nyingi. Na ukimaliza, pakua studio kama faili la PGN (maandishi ya hatua za mchezo) ulifungue kwa DroidFish, programu ya sataranji ya simu. Hapo huhitaji mtandao wala umeme wa nyumbani kwa jioni hiyo, mradi simu ina chaji.

Udhaifu wake ni kwamba unajijengea mwenyewe, na injini, yaani programu inayochambua hatua kama Stockfish, inaweza kukudanganya. Stockfish itakupa hatua yenye faida ya 0.3 (chini ya nusu ya pioni) ambayo inahitaji hatua nyingine kumi za pekee ili isigeuke hasara. Kati ya hatua mbili zilizo karibu kwa alama, chukua ile unayoweza kueleza kwa mdomo.

Nafasi ya pili: kitabu kimoja chembamba cha karatasi

Kurasa 150 hadi 250, rangi moja, ufunguzi mmoja, na michezo kamili ndani yake. Kipya huuzwa dola 20 hadi 35 kabla ya usafiri. Kina uzito wa gramu 300 hadi 500, kwa hiyo njia nzuri ni kumtuma ndugu anayetoka Lusaka, Johannesburg au Brussels. Umeme ukikatika Katuba au Ruashi, kitabu na ubao vinaendelea na kazi mbele ya mshumaa, na macho hayachoki kama mbele ya simu.

Usinunue kwa jalada wala kwa cheo cha mwandishi. Wachapishaji wengi hutoa kurasa za mfano bure mtandaoni. Zisome dakika kumi ukiwa na jaribio moja mkononi.

Kwa kitabu cha Caro-Kann, ufunguzi wa Mweusi wa 1…c6, tafuta 1.e4 c6 2.Cc3 d5 3.Cf3. Mtu aliyekariri njia kuu anacheza kwa mazoea 3…dxe4 4.Cxe4 Ff5 5.Cg3 Fg6 6.h4 h6, na sasa 7.Ce5 inamwangukia. Baada ya 7…Fh7 8.Dh5 g6 9.Fc4! hawezi kula malkia, kwani 9…gxh5 10.Fxf7 ni mati. Akijilinda kwa 9…e6, 10.De2 inamwacha Mweusi akiteseka, farasi akitishia f7. Katika njia kuu yenye d4, farasi huyo bado yuko g1 wakati wa 6…h6. Akitoka kwenda f3, Mweusi anapata nafasi ya kucheza Cd7 na kuilinda e5. Tofauti ni hatua moja tu. Kitabu kinachoeleza jambo hilo kimeandikwa na mtu anayejua wanafunzi wanakosea wapi. Kisicholitaja kabisa, kiache.

Kwa kitabu cha ufunguzi wa Kiitaliano, ule wa 3.Fc4 tuliouona kwenye Lichess, tafuta 3…Cd4. Je, kinasema kwamba 4.Cxe5 inajibiwa na Dg5, na kwamba ukiendelea 5.Cxf7 Dxg2 6.Tf1 Dxe4+ 7.Fe2 Cf3 umepewa mati? Je, kinakupa jibu tulivu, 4.Cxd4 exd4 5.O-O? Kwa mfumo wa London, ufunguzi ambao Mweupe anacheza d4 na kumtoa askofu hadi f4, tafuta Db6 dhidi ya b2, maana askofu akishatoka kwenda f4, pioni ya b2 imebaki peke yake. Kitabu cha London kinachosema "hatua hizihizi dhidi ya kila kitu" kinakuuzia uvivu.

Halafu hesabu maneno. Ukurasa wenye hatua nyingi na mistari mitatu ya maelezo ni wa mtu wa Elo 2200. Nusu kwa nusu ndiyo saizi yako.

Nakala za PDF zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp na fotokopi zake, ziache. Zinamnyima mwandishi haki yake, na mara nyingi michoro imefifia hadi huwezi kutofautisha askofu na pioni. Mchoro mmoja ukiusoma vibaya, umekariri kosa.

Nafasi ya tatu: kozi za kurudia kwa vipindi

Chessable ndiyo inayojulikana zaidi. Unacheza njia, kisha inakurudishia baada ya saa chache, siku moja, siku tatu, wiki, wiki mbili, mwezi na kuendelea. Mfumo huo unafanya kazi kweli. Anza na kozi fupi za bure. Nyingi ni mafupisho ya kozi za kulipia, na kwa wengi wa kiwango hiki zinatosha kwa miezi sita. Malipo yanahitaji kadi inayokubalika mtandaoni, kwa hiyo uliza benki yako kuhusu Visa ya kulipia kabla, na uhakikishe gharama ya ubadilishaji kabla ya kubonyeza.

Kinachoharibu kozi hizi ni pupa. Ukijifunza njia 10 mpya kila siku, kufikia wiki ya pili zile za saa chache zilizopita, za jana, za siku chache zilizopita na za wiki iliyopita zinarudi pamoja: marudio 40 kwa siku, mbali na mapya. Siku mbili bila mega, yamefika 80 na zaidi, na hapo watu huacha kabisa. Njia tano kwa wiki, si kwa siku.

Asiye na kadi atengeneze mfumo uleule kwa karatasi ngumu na sanduku lenye vyumba vitano: siku 1, 3, 7, 14 na 30. Mbele ya kadi chora nafasi, nyuma andika hatua na sababu. Ukikosea, kadi inarudi chumba cha kwanza.

Nafasi ya nne: video

Saa moja kwa ubora wa 360p hula takribani mega 300, na baada ya siku tatu kilichobaki kichwani ni sauti ya mwalimu. Video ni nzuri kwa kuchagua ufunguzi, si kwa kujifunza. Tazama moja ya dakika 20 kabla ya kununua kitabu, ubao ukiwa mbele yako. Ukitaka zaidi, pakua mahali penye Wi-Fi.

Nafasi ya mwisho: ensaiklopidia na hifadhi kubwa za michezo

Mfumo wa alama A00 hadi E99 unagawa funguzi katika mafungu 500, na vitabu vinavyoufuata ni vya kutafutia, kama kamusi. Chini ya Elo 2000 usivinunue. Ukihitaji michezo ya mabingwa, faili za kila wiki za The Week in Chess, anazozikusanya Mark Crowther tangu 1994, ni za bure, na programu ya Scid vs. PC inazifungua hata kwenye kompyuta ya zamani.

Mwenye dola 30 tu mwaka huu afanye hivi: mwezi wa kwanza studio ya Lichess, mwezi wa pili acheze angalau michezo 40 ya dakika 15 akiandika mahali njia zinapomkatikia, na mwezi wa tatu aagize kitabu cha rangi iliyomtesa zaidi.