Vipuri vya Saspensheni na Usukani kwa Gari la Saketi: Kipi Kitangulie, Kipi Kisubiri

Mtu anayeanza kuliendesha gari lake la kawaida kwenye saketi, yaani uwanja wa mbio za magari, hushawishika kununua kwanza kile kinachoonekana, kama vile koilova za rangi (shokapu na springi zilizounganishwa, zinazorekebishika kwa urefu) au chuma cha kuunganisha vichwa vya shokapu chini ya boneti. Mwongozo huu unapanga vipuri kwa kigezo kimoja tu: kila kimoja kinausaidia kwa kiasi gani uso wa tairi kukaa bapa juu ya lami wakati gari limeelemea upande mmoja katikati ya kona.

Kabla ya kununua chochote, gari liinuliwe kwa jeki, kila tairi la mbele lishikwe kushoto na kulia, kisha litikiswe. Likicheza, aghalabu tatizo liko kwenye tairodi, fimbo inayogeuza tairi, au raki endi, kiungo chake cha ndani kwenye raki ya usukani. Likicheza linaposhikwa juu na chini, ikaguliwe beringi na boljointi, kiungo cha tufe kati ya mkono wa saspensheni na kitovu cha tairi. Vilivyolegea vibadilishwe kwa vipuri vya ubora wa kiwandani, kwa sababu alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za tairi, haidumu juu ya boljointi iliyochoka, na tairodi ikichomoka kwenye mwendo wa kasi dereva hana tena la kufanya. Hapa si mahali pa kutafuta unafuu wa bei.

Nafasi ya kwanza naipa uwezo wa kurekebisha kemba, yaani mlalo wa tairi kuelekea ndani au nje kwa upande wa juu; ukielekea ndani huitwa kemba hasi. Magari mengi ya barabarani hutoka kiwandani yakiwa na kemba hasi ndogo sana mbele, ambayo inafaa kwa safari za kila siku, lakini kwenye kona ya kasi bodi huinama kwa nje na kulilaza tairi pamoja nayo. Mfumo wa saspensheni wa MacPherson, ambao shokapu ndiyo inayoshikilia tairi kwa juu, uliopewa jina la mhandisi Earle MacPherson na unaotumika mbele ya magari mengi madogo, huathirika zaidi, kwa kuwa mkono wa chini ukishapanda kupita kiasi fulani, kila springi inavyozidi kubonyea ndivyo kemba hasi inavyopotea. Dalili yake haifichiki: bega la nje la tairi hulika hadi kufikia maandishi ya ubavuni, ilhali kashata (vipande vya mpira vya uso wa tairi) za upande wa ndani bado ni nzima. Kwa tairi za barabarani zenye mshiko mkali, kemba hasi ya nyuzi 2.5 hadi 3.5 mbele ni mahali pazuri pa kuanzia, na baada ya hapo joto la tairi lipimwe ndani, katikati na nje mara tu gari linapoingia kituoni.

Chaguo bora la kuipata kemba hiyo ni sahani za juu za shokapu zenye alama za vipimo, kwa sababu hurekebishika bila kufungua shokapu na baadhi huruhusu pia kuongeza kasta, yaani mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma. Bolti za kemba ni za bei ndogo na zinatosha kwa kuanzia, ingawa shina lake huwa jembamba kuliko la bolti ya awali na linaweza kuteleza baada ya kupanda juu ya kingo za kona. Wenye Mazda MX-5 wamebahatika, maana gari hilo hurekebishika kwa bolti zake za kiwandani.

Nafasi ya pili ni ya shokapu na springi, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Shokapu hugeuza mtikisiko kuwa joto, na mafuta yake yakichemka na kufanya povu, gari huanza kuruka-ruka mizunguko michache tu baada ya kuingia uwanjani. Ndiyo maana shokapu ya bomba moja, ambayo gesi ya naitrojeni hutenganishwa na mafuta kwa pistoni inayoelea, huwa imara zaidi kwa kazi hii kuliko ya mabomba mawili ya kawaida. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, napendekeza shokapu ya bomba moja isiyo na marekebisho lakini iliyopangwa vizuri na mtengenezaji, kama Bilstein B6 kwa springi za urefu wa kiwandani au B8 kwa springi fupi. Kinachofuata kwa ubora wa thamani ni koilova zenye rekebisho la mrejeo (ukinzani wa shokapu inaporefuka), kama KW Variant 2. Koilova za marekebisho mawili au matatu zinamfaa mtu mwenye subira ya kuandika kila badiliko analolifanya.

Koilova za bei rahisi zenye mibofyo (hatua za kurekebisha) thelathini na zaidi naziweka mwisho katika kundi hili. Muuzaji aombwe grafu ya nguvu ya shokapu katika kasi mbalimbali. Mara nyingi mibofyo kadhaa haibadilishi kitu, au mrejeo na mkandamizo (ukinzani wa shokapu inapofupika) hubadilika pamoja bila mpangilio. Aulizwe pia kama shokapu inaweza kufunguliwa na kukarabatiwa, na kama urefu wa gari hurekebishwa kwa kuzungusha sehemu ya chini ya mwili wake, njia inayoacha mwendo wa pistoni bila kupungua. Kukata springi ili kushusha gari kusifikiriwe kabisa, kwani springi iliyokatwa inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake tairi linaponing'inia.

Ugumu wa springi nao una mipaka yake. Springi inayofaa saketi tambarare itamtesa dereva kwenye saketi ya Nordschleife ya Nürburgring, Ujerumani, yenye zaidi ya kilomita 20 za mabonde na matuta, kwa sababu tairi linaloruka halina mshiko wowote.

Nafasi ya tatu ni rodi za stabilaiza, yaani vyuma vinavyounganisha tairi la kushoto na la kulia ili kupunguza kuinama kwa bodi, ambazo hubadilisha tabia ya gari kwa gharama ndogo. Ugumu wa rodi hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, hivyo kutoka milimita 20 hadi 22 huongeza takriban asilimia 46. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele likigoma kuingia kona, ianzwe na rodi ya nyuma.

Bushi, yaani mito ya viungo vya mikono ya saspensheni, ni za nne. Poliyurethani, plastiki ngumu inayofanana na raba, inafaa pale mkono unapozunguka katika mhimili mmoja tu. Kwenye mikono inayopinda pande kadhaa hukwama, na hapo raba ngumu au beringi ya duara hufanya kazi vizuri zaidi. Raba iliyogandishwa kwenye chuma ikazwe bolti zake gari likiwa limesimama kwa uzito wake, la sivyo itajipinda muda wote na kupasuka mapema.

Vipuri vya kusahihisha usukani, yaani boljointi zenye shina refu na tairodi zinazoshushwa, vinamhusu aliyeshusha gari kwa kiasi kikubwa, ambalo sasa hujigeuza lenyewe kila linapopita kwenye tuta. Kwake yeye hupanda hadi nafasi ya tatu. Kwenye usukani wa haidroliki, kipoza mafuta kidogo ni ununuzi wa busara.

Chuma cha kuunganisha vichwa vya shokapu ni cha mwisho, kwa kuwa bodi za magari ya kisasa ni ngumu za kutosha. Fedha hiyo ilipie alaimenti mara mbili: vipuri vinapofungwa, na tena springi zikishatulia baada ya siku ya kwanza uwanjani.