Brauza ipi haitakumwagia fomu ukiwa katikati? Mpangilio wangu, na la kuangalia kabla hujanunua simu

Wadau, hii nimeiandika nikiwa na hasira bado kwa hiyo mnivumilie ikiwa ndefu.

Nilinunua simu mpya ya kazini, kazi yenyewe ni steshenari ndogo huku Mbagala, tunatoa kopi, tunapiga pasipoti saizi, na msimu wa maombi ya mkopo wa chuo ukifika tunajazia watu fomu mtandaoni mpaka saa nne usiku. Siku hiyo umeme ukakatika saa kumi jioni na kwenye benchi wamekaa watu wanne, nikasema basi tutumie simu, si ndiyo maana nimeinunua.

Wa kwanza alikuwa binti wa jirani. Tukajaza vizuri tu, namba ya mtihani, cheti cha kuzaliwa ambacho RITA walishakihakiki, majina ya mzazi, mdhamini na namba yake ya NIDA, tukafika kwenye picha. Nikabonyeza pa kuweka picha, ikaniuliza kamera au faili, nikachagua kamera, nikampiga, nikabonyeza tiki. Skrini ikawa nyeupe kama sekunde tatu hivi halafu ikarudi ukurasa wa kwanza, tupu, hata jina lake halipo. Tukarudia, ikafanya vile vile. Mara ya tatu binti akaacha kunitajia, akawa ananiangalia tu, na mama yake pale mlangoni anauliza "dada, kwani imekataa?"

Ilikuwa haijakataa. Mtandao ulikuwepo, tovuti ilikuwa inafanya kazi, tatizo lilikuwa simu yenyewe pamoja na ile brauza iliyokuja nayo. Toka siku hiyo nimekaa na brauza hizi nikizijaribu kwa fomu ile ile, simu mbili na kompyuta ya dukani, ndiyo nakuja na huu mpangilio.

Mtaniambia brauza ni bure, mwongozo wa kununua wa nini. Sio bure jamani. Kila ukurasa unaoanza upya unalipwa na bando lako, na simu unayoinunua ndiyo inaamua brauza gani itaishi humo. Kwa hiyo kasi, rangi, sijui mandhari ya giza, hayo mtayasoma kwingine. Mimi naangalia kitu kimoja ambacho hakuna anayekisema: nikitoka kwenye brauza nusu dakika nikasome meseji halafu nikarudi, nitakuta nilichoandika au nitakuta ukurasa mweupe?

Kinachotokea ni hivi. Android ikiona RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizo wazi zinakaa) imebana inaanza kuua programu ambazo huziangalii kwa muda huo. Ukifungua kamera, na kamera inakula RAM kuliko mnavyodhani, brauza iko nyuma, inauawa. Ukirudi inafufuka lakini kichupo chako (tab, ule ukurasa uliokuwa umeufungua) kimeshamwagwa, inabidi kiletwe tena kutoka mtandaoni, na fomu za siku hizi nyingi zinajengwa na JavaScript, lugha ya programu inayofanya kazi humo humo ndani ya brauza, yaani ulichoandika kilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda tu, hakikutumwa popote. Kimeenda. Ndicho kinachotokea pia ukienda kwenye meseji kutafuta zile tarakimu sita za uhakiki, ukirudi unaambiwa uanze mwanzo na namba imeshaisha muda, unaomba nyingine, unatoka tena kwenda kuisoma, unazunguka hapo hapo mpaka bando linakata.

Kabla hujabadilisha brauza, fanya haya, maana nusu ya wanaokuja kwangu kulalamika brauza inazingua wanapona hapa hapa.

Piga picha kwanza. Picha na vyeti vyote viwe tayari kwenye simu kabla hujafungua fomu, ukifika pa kuweka picha chagua faili, usichague kamera. Hili peke yake lingeniokoa siku ile. Namba ya uhakiki ikiingia usifungue meseji, vuta pazia la juu uisome pale pale, hapo brauza bado iko mbele na haitaguswa. Maelezo marefu andika kwanza kwenye programu ya notsi halafu unakopi. Funga WhatsApp, TikTok na mziki. Kwenye mipangilio ya betri tafuta brauza yako na uiruhusu ifanye kazi bila kubanwa, na simu nyingi tunazouziwa huku ukifungua orodha ya programu zilizo wazi kuna alama ya kufuli, ifunge brauza na hiyo kufuli ili isifagiliwe.

Na kiungo ukikipata Facebook au Instagram usijaze fomu humo humo, ile ni brauza ndogo iliyo ndani ya programu yao, ukibonyeza kurudi nyuma kimakosa imekwenda. Bonyeza vidoti vitatu ufungue kwenye brauza ya nje.

Tovuti zote zikianza kusema muunganisho wako si salama, angalia tarehe. Naongea kutokana na kompyuta za mtumba ninazoziona kila siku: kile kibetri cha duara kama sarafu kwenye mazabodi, CR2032, kimekufa, kila umeme ukikatika saa inarudi miaka ya nyuma huko, na vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha kwa hiyo brauza inaona kila kitu ni batili. Watu wanafomati kompyuta nzima kwa kitu cha kubadilisha kibetri. Na wale wanaopata arifa kila dakika kwamba simu yako ina virusi, hivyo virusi havipo, kuna tovuti uliiruhusu ikutumie arifa, nenda mipangilio ya tovuti, sehemu ya arifa, uzifute zote usizozijua. Programu nyingi zikianza kufa kwa pamoja ukifungua viungo usiilaumu brauza haraka, kuna kitu kinaitwa Android System WebView ndicho kinachoonyesha kurasa ndani ya programu zingine, Machi 2021 toleo lake moja bovu liliangusha programu za watu dunia nzima, likarekebishwa kwa kuapdeti tu.

Haya, umefanya yote na bado. Sasa brauza.

Namba moja ni Firefox, na sifichi kwamba naipenda. Nimeitumia toka enzi za intaneti kafe, ile ya 2004 ndiyo ilitutoa kwenye Internet Explorer, na mpaka leo kwenye jambo langu hili ndiyo inayonipa usingizi. Firefox inahifadhi hali ya kichupo pamoja na maandishi uliyoyaweka kwenye fomu, kwa hiyo hata ikiuawa ikafufuka inajaribu kukurudishia ulichoandika. Nasema inajaribu kwa sababu fomu zile za JavaScript tupu hakuna brauza inayoweza kukuahidi asilimia mia. Lakini kwenye fomu yangu ya majaribio, nimefungua kamera, nimerudi, majina yapo, namba ya simu ipo, mpaka ile aya ya maelezo ipo, na ukurasa uko pale pale nilipokuwa nimeishia kushuka. Nilimwita mdogo wangu aje aone.

Cha pili, Firefox ya simu inakubali viendelezi (vile vijiprogramu vya kuongezea kwenye brauza) na humo kuna uBlock Origin, cha kuzuia matangazo. Matangazo yanapozuiwa hayapakuliwi kabisa, ukurasa unakuwa mwepesi, RAM inapumua, na bando linapumua. Chrome ya kwenye Android haiweki viendelezi kabisa, na kwenye kompyuta nako Google walishabadilisha kanuni za viendelezi mpaka uBlock Origin ile kamili ikatolewa, imebaki ile nyepesi. Kwangu hilo lilitosha kuhama.

Halafu kuna habari ya vifaa vya zamani ambayo inagusa wengi wetu. Chrome ikifika toleo la 138 ndiyo mwisho kwa Android 8 na 9, kuanzia 139 inataka Android 10. Kwenye kompyuta, Windows 7 mwisho wake ni Chrome 109 ya mwanzoni mwa 2023, wakati Firefox waliiacha 115 ESR, lile toleo lao la kudumu muda mrefu, ikaendelea kupewa marekebisho ya usalama kwa hizo mashine kuukuu miaka baada ya wengine kuzitelekeza. Steshenari ngapi Tanzania hii bado ziko kwenye Windows 7? Mimi mwenyewe mashine ya kopi iko humo. Kasoro yake ni kwamba kuna tovuti zimejengwa zikilenga Chrome peke yake, ukikutana na kitufe kisichobonyezeka usibishane nacho, fungua brauza nyingine umalize.

Ndiyo maana namba mbili naweka Brave. Imejengwa juu ya Chromium, msingi ule ule wa Chrome, kwa hiyo tovuti zinazoikataa Firefox humu zinakubali, na inazuia matangazo yenyewe bila kuongeza kitu. Mmoja wa waanzilishi wake, Brendan Eich, ndiye aliyebuni JavaScript. Ukiisakinisha tu ingia mipangilio uzime yale mambo ya zawadi na sarafu za mtandaoni, hutayahitaji.

Chrome ni namba tatu kwenye simu, ila kwenye kompyuta naiheshimu. Ile kazi yake ya kuokoa RAM, inayolaza vichupo usivyovitumia, imetengenezwa isikiguse kichupo chenye fomu iliyojazwa nusu, na unaweza kuorodhesha tovuti ambazo hutaki zilazwe kamwe. Weka humo tovuti zako za kazi leo hii. Edge nayo, ambayo toka Januari 2020 ni Chromium pia, ina utaratibu wa kulaza vichupo na wa kuorodhesha. Kama iko kwenye Windows yako na hutaki kupakua kitu, itakutosha.

Wa iPhone, kwenu kubadilisha brauza hakusaidii sana kwa hili, maana huku kwetu brauza zote za iPhone zinaendeshwa na injini moja ya Apple, WebKit, hata ikiwa na nembo ya Firefox.

Zile nyepesi, Opera Mini na ndugu zake: kusoma habari na matokeo ya mpira, safi, inabana kurasa kwenye seva zake na bando linadumu. Fomu, hapana. Kwenye ubanaji wa juu kabisa ukurasa unaandaliwa kule kwenye seva ndipo unaletewa, vitufe vingi havijibu, na mambo ya paswedi na ya hela sitaki yapitie kwa mtu wa katikati. Tumeishia hapo kwenye hizo.

Sasa nirudi kwenye simu maana roho inaniuma. Muuzaji aliniambia "sister hii ni RAM 8, hii hata ukifungua vitu ishirini haikwami", na kwenye boksi imeandikwa 8GB kwa maandishi makubwa. Nikalipa ya RAM 8. Baada ya yale ya binti wa jirani ndiyo nikageuza boksi, chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi: 4GB+4GB. Yaani RAM halisi ni 4, hizo nyingine 4 simu inaazima kwenye hifadhi ya picha na video zako, na hifadhi haina kasi ya RAM hata kidogo. Kamera ikifunguka hizo nne za kuazima hazikuokoi. Nikarudi dukani, jamaa hata hakubisha, ananiambia "simu zote siku hizi ziko hivyo dada". Kama ziko hivyo kwa nini boksi lisiandikwe 4 na bei iwe ya 4? Mtu anaweka akiba miezi mitatu kununua kitu, anauziwa namba ya kwenye boksi. Na hakuna mtu wa kumlalamikia, ukisema wanakuona huelewi teknolojia. Mteja wangu mwingine yeye simu yake ni 2 halisi, ameambiwa ni 4. Tukihesabu bando analorudia kupakua kurasa zilizomwagwa, na bando lenyewe linaisha muda hata kama hujalimaliza, huyo dada analipia uongo wa muuzaji kila wiki.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji aiwashe. Ingia mipangilio, kuhusu simu, tafuta RAM. Ukiona alama ya kujumlisha, hesabu namba ya kwanza tu. Angalia na toleo la Android, chini ya 10 usinunue hata wakikupunguzia. Halafu jaribio langu: fungua brauza, nenda tovuti yoyote yenye fomu, andika jina lako, fungua kamera, piga picha mbili, fungua na video, rudi. Jina likiwa limepotea pale pale dukani, irudishe kwenye boksi. Watakununia, waache wanune.

Na ukihama brauza usifute ya zamani siku hiyo hiyo. Hamisha paswedi kwanza, kwenye kompyuta Firefox na Brave zote zina sehemu ya kuingiza vitu vyako kutoka Chrome, hakikisha na paswedi zimefika, halafu usawazishe brauza mpya ya kompyuta na ya simu. Kaa nazo zote mbili wiki nzima. Binti wa jirani tulimalizia saa mbili usiku umeme uliporudi, kwenye kompyuta, kwa Firefox, na picha yake nilishaihamisha kwa waya kabla hatujafungua hata ukurasa wa kwanza.