Ngome ya Yoros, Istanbul: nimepigiwa filimbi kama mwizi wa kuku

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya mafundi waliokufa zamani, si ya anayeshika ufunguo leo.

Yoros ni ngome ya Wabizanti, yaani Warumi wa Mashariki, iliyo juu ya kijiji cha Anadolu Kavağı, upande wa Asia, karibu na pale Bosphorus, mlango wa bahari unaoikata Istanbul, unapokutana na Bahari Nyeusi. Kilichobaki cha maana ni minara miwili minene ya lango la mashariki. Unapanda kilima karibu nusu saa, barabara imesimama kama ngazi, halafu juu unakuta uzio wa wavu, kufuli, na mlinzi kwenye kiti. Chini gatini, feri zinaposhusha watu, hakuna tangazo, njiani hakuna tangazo. Neno lake lilikuwa moja tu: "Kapalı." Pamefungwa. Patafunguliwa lini? Akarudi kwenye simu yake. Nikasogea kwenye kona ya uzio kutazama alama ukutani, mikono mfukoni, nikapigiwa filimbi. Filimbi! Kwa kutazama!

Sababu ya kufunga naijua na wala siibishii. Uchimbaji wa wanaakiolojia ulianza 2010, na kuta za namna hii ni hatari kweli. Nje na ndani kuna ngozi mbili za mawe yaliyopangwa, katikati ni kifusi kilichomwagiwa chokaa. Ngozi ikichubuka, maji ya mvua huingia kwenye kifusi, chokaa hulika, mizizi hufuata maji, na siku moja bega zima la mnara huporomoka. Kwa hiyo fungeni. Lakini kibao kimoja kule chini gatini kinagharimu nini, jamani?

Na hata wanapoeleza, wanaeleza ovyo. Mtaani utasikia "Ngome ya Wagenoa". Wagenoa, watu wa mji wa Genoa kule Italia, waliishika tu baadaye, kabla Waturuki wa Osmani hawajawaondoa. Ushahidi uko juu minarani kwenyewe: maandishi ya Kigiriki na alama za ukoo wa Palaiologos, watawala wa mwisho wa Bizanti. Alama yao inayojulikana zaidi ni msalaba wenye herufi B nne, moja kila pembe. Njoo na darubini ndogo, kwa maana ukiwa nje ya uzio macho matupu hayatoshi. Zaidi ya hapo, kabla ya ngome mahali hapa paliitwa Hieron, na mabaharia wa Kigiriki walisimama kumwomba mungu wao Zeus Ourios upepo mzuri kabla ya kuingia Bahari Nyeusi. Yote hayo, mgeni anaambiwa "kapalı".

Sasa, ukishupaa kwenda, usifuate kundi. Watu wengi huja na feri ya matembezi kutoka Eminönü, gati la katikati ya jiji, ambayo hufika karibu na adhuhuri na kukaa hapo muda wa saa mbili hadi tatu. Kosa ni hilo. Uso wa lango unatazama mashariki, hivyo mchana jua liko nyuma ya minara: picha zinatoka nyeusi na michongo haionekani kabisa. Michongo inataka mwanga wa ubavu, na huo ni wa asubuhi. Chukua basi 15A kutoka mtaa wa Kavacık, upande huuhuu wa Asia, lipia kwa kadi ya usafiri, uwe juu mapema. Basi hilohilo litakuokoa ukiachwa na feri, na kuachwa ni rahisi mno, kwa sababu wapiga debe wa migahawa ya samaki pale gatini wanakuvuta, na samaki wa kuchoma haivi kwa dakika tano. Kula baada ya kushuka, tena uulize bei kabla ya kukaa. Kome wa kukaanga kwa mchuzi wa kitunguu saumu ni wazuri, nakiri.

Karibu na kilele kuna mikahawa ya chai, na wahudumu watakuonyesha njia ipitayo katikati ya meza zao kana kwamba nyingine haipo. Ipo. Shikilia barabara ya lami mpaka minara iwe mbele yako. Vaa viatu vyenye meno. Mvua ikinyesha changarawe inateleza. Maeneo ya jeshi yako jirani, kwa hiyo ukiona uzio wenye vibao vyekundu usipige picha wala usitafute njia ya mkato.

Halafu, hapa ndipo hasira inanipungua. Simama nje, palepale unapofukuzwa, ugeuke kaskazini. Mlango wote wa Bahari Nyeusi uko chini yako, na daraja la tatu la Bosphorus, lile lililofunguliwa 2016, linaonekana kama uzi. Unaelewa mara moja kwa nini Wabizanti walijenga hapa: hakuna meli ingepita bila kuonekana. Kuona huko hakuna kiingilio wala kufuli.

Aliyewahi kutembea magofu ya Gedi au Kaole amezoea kuingia hadi ndani ya kuta na kuzigusa. Hapa hutagusa kitu. Basi ile nyota moja ya mwanzo naipandisha: tatu. Mbili, nikikumbuka filimbi. Tatu, ukienda asubuhi na mlinzi bado hajaamka.