Laptopu ya bei kubwa: ipi inastahili pesa yako, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho

Ukiambiwa "hii ni i7", yaani aina ya prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel, uliza ni ya kizazi gani. i5 mpya huipita kwa urahisi i7 ya miaka mingi iliyopita, lakini kibandiko hakikwambii hilo. Mimi hupima bei ya ziada kwa jambo moja: je, inaninunulia kitu nisichoweza kubadilisha baadaye? Kioo, kibodi, bawaba, bodi yenyewe. Siku hizi hata RAM, kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, imo humo, maana katika laptopu nyingi nyembamba imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi.

1. Laptopu za kiofisi zilizotumika

Hapa nazungumzia ThinkPad za mfululizo wa T, Latitude za Dell na EliteBook za HP. Zilipotoka kiwandani zilikuwa ghali, kampuni zikazinunua kwa wingi, kisha zikaziuza baada ya miaka michache zikiwa bado na nguvu. Ule ubora wa bei kubwa unaupata, ila gharama kubwa ameshaibeba mwingine. Bawaba ni ngumu, kibodi inastahimili kuandika kutwa, na kwa nyingi SSD (hifadhi ya mafaili) na betri hubadilishwa kwa bisibisi tu. Kwa mwanafunzi, mwandishi au mhasibu, sioni sababu ya kwenda mbali zaidi.

Lakini kagua kabla ya kulipa. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (kijenzi cha usalama) pamoja na prosesa ambayo, kwa Intel, kwa kawaida ni ya kizazi cha 8 kwenda juu. Ya kizazi cha 6 iache hata ikiwa inang'aa, labda kama utaweka Linux, mfumo mwingine badala ya Windows. Ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, uhakikishe haina nenosiri la kampuni iliyoimiliki. Bonyeza kila kitufe. Kisha, kwenye dirisha la amri la Windows (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport: ripoti itakuonyesha betri ilitengenezwa na uwezo gani na sasa inabeba kiasi gani. Ikiwa imebaki nusu, bei ya betri mpya itolewe kwenye bei ya laptopu pale pale.

2. MacBook Air

Kati ya mashine mpya za bei ya juu, hii ndiyo ninayoitetea bila kusita. Tangu Novemba 2020, Apple ilipoiwekea chipu yake ya M1, haina feni, haipigi kelele, na chaji inakufikisha jioni. Oktoba 2024 RAM ya kuanzia ikapandishwa kutoka GB 8 hadi GB 16 bila kuongeza bei. Tatizo ni kwamba utakachochagua siku ya kununua ndicho utakachozeeka nacho: RAM haiongezwi, wala hifadhi ya ndani. Pesa yako iweke kwenye RAM. Mafaili yaliyozidi yatakaa kwenye SSD ya nje, ambayo ni nafuu zaidi. Hakikisha pia programu za kazi yako zipo kwa Mac, kwani baadhi za uhandisi na uhasibu ni za Windows pekee.

3. Mpya za bei ya kati

RAM GB 16, SSD ya NVMe (aina yenye kasi), kioo cha IPS (kinachoonekana vizuri hata kwa pembeni) cha pikseli 1920 kwa 1080. Zikitimia hizo, chukua.

4. Windows nyembamba za kifahari

Vioo vyake vya OLED, ambavyo kila nukta hutoa mwanga wake, ni vizuri mno, na anayehariri picha atafaidi. Ila wembamba una gharama: joto halina pa kutokea, na prosesa hujipunguzia kasi kazi ikiwa nzito. Asiyehitaji rangi sahihi analipia umbo.

5. Zenye kadi kubwa ya grafiki

Ni za video, michoro ya 3D na michezo. Nje ya hapo unabeba uzito na kelele za feni bure.

Ya mwisho kabisa: mpya ya bei ya chini zaidi

Hii inaniuma, kwa sababu wanaoinunua ndio wenye akiba ndogo. Mara nyingi ina RAM GB 4 na hifadhi ya eMMC (ya polepole kuliko SSD) ya GB 64, yaani kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 yenyewe inakubali. Masasisho machache tu yanaijaza, na kwa kawaida RAM yake haiongezeki. Kwa pesa hiyo hiyo, rudi namba moja utafute ya kiofisi yenye GB 8 na nafasi ya kuongeza.