Kisumu hadi New York kwa Great Circle Mapper: kilomita iamini, saa zichukue kwenye tiketi

Great Circle Mapper ni tovuti ya bure ya kupima umbali kati ya viwanja vya ndege. Kwa msafiri wa Kisumu inazishinda nyingi kwa jambo moja: inakubali safari yenye vituo. Vikokotoo vya kawaida huuliza unatoka wapi na unaenda wapi, basi. Ukiviandikia Kisumu na New York vitakupa takriban kilomita 11,560, yaani njia ya ndege ambayo haipo. Hapa unaandika KIS-NBO-JFK (alama za viwanja vya Kisumu, Nairobi na New York), ramani inachorwa na kila kipande kinapata hesabu yake: karibu 280 hadi Nairobi, kisha kama 11,840 hadi New York. Jumla 12,120. Hizo 560 zilizozidi ni za kurudi nyuma: Nairobi iko mashariki ya Kisumu, New York iko magharibi, kwa hiyo Bonde la Ufa unalivuka mara mbili.

Andika alama ya herufi tatu, si jina la mji. NBO ni Jomo Kenyatta, WIL ni Wilson, kiwanja kingine cha Nairobi, na kuna ndege za Kisumu zinazotua Wilson. Kwenye skrini tofauti ni kilomita chache tu. Barabarani, jioni, na masanduku mawili kwenye teksi, ni habari nyingine kabisa.

Vipimo navyo vina mtego. Tovuti huanza na maili, badilisha iwe km. Ukiona nm, hizo ni maili za baharini, kila moja kilomita 1.852. Anayezidisha kwa 1.609 kwa mazoea huipunguza Nairobi–New York kwa zaidi ya kilomita 1,500.

Muda ndio unaoviangusha vikokotoo. Vingi hugawanya umbali kwa kasi moja, tuseme kilomita 850 kwa saa, na kuongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kwa njia hiyo Nairobi–New York inakuwa saa 14 na dakika 25, kwenda na kurudi sawasawa. Kenya Airways, inayoruka njia hii moja kwa moja tangu tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8, huchukua takriban saa 15 kwenda na 14 kurudi. Umbali ni uleule, ila upepo wa juu huko kaskazini huvuma kutoka magharibi: kwenda unakupinga, kurudi unakusukuma. Kikokotoo hakiujui upepo. Ratiba ya shirika inauhesabu, kwa hiyo saa zichukue kwenye tiketi.

Lakini usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika ukadhani umepata muda wa safari. New York iko nyuma yetu kwa saa 8, au 7 wanaposogeza saa zao mbele. Ukiondoka saa tano na nusu usiku unafika asubuhi, na kwa karatasi inaonekana umeruka saa saba tu.

Kwa kipande cha Kisumu hesabu dakika 50 angani, na usichukue ndege ya mwisho ya siku. Tiketi zikiwa mbili tofauti, ya kwanza ikichelewa ya pili haikungoji, na mzigo utauchukua Nairobi na kuukabidhi upya. Tiketi ikisema 00:15 tarehe 5, Jomo Kenyatta unatakiwa jioni ya tarehe 4, kwa hiyo ya Kisumu kata ya tarehe 4 mchana.