Luxor hadi Aswan wawili tu, bila wakala: uzoefu wangu

Kama mnapanga kwenda Misri, mke na mume, kuyaona mahekalu ya kando ya Nile, msilipie meli ya kitalii kabla hamjaipima njia tuliyopita sisi. Tulipanda treni kutoka Kairo hadi Luxor, tukakodi teksi ya siku nzima kwenda Aswan kupitia Esna na Edfu, Kom Ombo tukaifuata kwa treni, kisha tukamalizia na feluka, mashua ya tanga ya Nile. Hatukuwa na wakala wala mwongozaji. Kila kitu tulipatana wenyewe, pale pale.

Sababu yangu kubwa ya kuisifia njia hii si bei, ingawa tulitumia pungufu. Ni saa. Meli za Luxor na Aswan ni nyingi mno, na ratiba zao zinafanana: abiria wengi hushushwa Edfu asubuhi na mapema, na Kom Ombo jioni. Mnajikuta mahali patakatifu pa watu wa kale mkiwa mmebanwa mabega kwa mabega, na anayewaongoza ameshaangalia saa yake mara tatu. Mkiwa na dereva wenu mnazigeuza saa hizo. Sisi tulifika Edfu adhuhuri, wakati meli zimeshaondoka. Hekalu la pale bado lina paa lake, kwa hiyo jua la saa sita halikusumbui ukishaingia ndani. Tulipita vyumba ambamo tulikuwa peke yetu kabisa.

Lakini nianze na Luxor. Karnak, hekalu kubwa la mji huo, inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, nanyi muwe mlangoni saa hiyo hiyo. Ule ukumbi wa nguzo 134 unahitaji utulivu. Jua la asubuhi linaingia pembeni, michongo inatoka kwenye jiwe, na ukirudi saa nne huioni tena vile. Jioni tulitembelea hekalu la Luxor lenyewe, ambalo juu yake umejengwa msikiti wa Abu Haggag, na bado unasaliwa. Adhana iliposikika kati ya nguzo za Mafarao, mume wangu alinyamaza kwa muda mrefu, akaniambia, "Mke wangu, hapa watu hawajaacha kuabudu tangu zama zile." Barabara ya sanamu za sphinx (simba wenye vichwa vya watu au kondoo) inayounganisha mahekalu hayo mawili, kama kilomita 2.7, ilifunguliwa upya Novemba 2021. Mkiweza, tembeeni kwa miguu.

Ng'ambo ya magharibi tulivuka kwa kivuko cha wananchi, pamoja na wanafunzi na akina mama wenye vikapu. Watu wa boti ndogo watawaambia kivuko hakifanyi kazi leo. Nendeni mkajionee wenyewe. Kwenye hekalu la malkia Hatshepsut, kule Deir el-Bahari, tafuteni michongo ya safari ya Punt, nchi ambayo wataalamu wengi wanaiweka upande wa Pembe ya Afrika. Mnaona nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo, na wapagazi wanapakia merikebuni miti ya manukato pamoja na mizizi yake, imetiwa vikapuni. Sisi wa Tanga, ambao nyumba zetu hazikosi ubani siku ya shughuli, tulisimama pale kuliko mahali pengine pote pa Luxor. Watalii wengi hupita mbio kwenda kupiga picha ngazi za mbele.

Sasa Esna. Hapa ndipo nataka mnisikilize. Meli nyingi huupita mji huu bila abiria kushuka, na mimi naona ni hasara kubwa. Hekalu la mungu Khnum liko katikati ya soko, chini ya usawa wa barabara kwa kama mita 9, kwa sababu mji uliendelea kujengwa juu ya mabaki yake wenyewe karne baada ya karne. Unashuka ngazi, na mbele yako kuna ukumbi wa nguzo 24, vichwa vyake vimechongwa majani na maua. Ukumbi huu ni wa enzi za Warumi. Majina ya makaizari yameandikwa humo kwa hieroglifu, maandishi ya picha ya Misri ya kale, kana kwamba nao ni Mafarao.

Kwa muda mrefu dari lote lilikuwa jeusi kwa masizi ya mioto ya watu walioutumia ukumbi baadaye. Mwaka 2018 mafundi wa Misri na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tübingen cha Ujerumani wakaanza kuyaondoa kidogo kidogo. Chini ya masizi, rangi zilikuwepo! Buluu, nyekundu, manjano, nyeupe. Juu kuna tumbusi waliotandaza mbawa, kuna makundi ya nyota, kuna miungu ndani ya mashua zao. Yale masizi yaliyoonekana uchafu ndiyo yaliyozihifadhi. Tulikaa sakafuni tukitazama juu mpaka shingo zikauma, na hakuna aliyetuharakisha, maana dereva tulikuwa tumeshapatana naye kwamba atasubiri. Hilo lisemeni kabla ya gari kuondoka, pamoja na bei yake.

Ukitoka Esna unauelewa vizuri zaidi msiba wa Philae. Hekalu hilo la mungu wa kike Isis, kisiwani karibu na Aswan, lilisifiwa na wasafiri wa karne ya 19 kwa rangi zake. Bwawa la kwanza la Aswan lilipokamilika mwaka 1902, kisiwa kikawa kinazama sehemu kubwa ya mwaka, na maji yakazila rangi. Baadaye lilipokuja Bwawa Kuu la Aswan, UNESCO na serikali ya Misri walilibomoa hekalu jiwe kwa jiwe na kulisimamisha upya kwenye kisiwa cha jirani cha Agilkia, kazi iliyofanyika kati ya 1972 na 1980. Mkifika, msiishie uani. Upande wa magharibi kuna Lango la Hadrian, lenye maandishi ya mwisho ya hieroglifu yenye tarehe, ya Agosti 24, mwaka 394 baada ya Kristo. Nahodha wa boti yetu alitaka turudi baada ya saa moja, tukabishana naye kidogo. Afadhali mkubaliane saa mbili kabla ya kupanda.

Kom Ombo ni asubuhi moja tu kutoka Aswan. Hekalu ni pacha, nusu la mungu Sobek mwenye kichwa cha mamba na nusu la mungu Horus Mkubwa, na jumba la makumbusho la pembeni lina mamba waliokaushwa. Kisima cha kupimia kimo cha Nile ndicho kilichonivutia zaidi: mafuriko yakipanda vizuri, mavuno ni mengi, na kodi ilipangwa kwa kipimo hicho.

Feluka ilikuwa zamu ya mume wangu kufurahi. Amekulia Pangani, kwenye majahazi. Alipoliona lile tanga la pembetatu na foromali yake ndefu, alisogea kwa nahodha na hakurudi nilipokaa. Upepo wa Nile huvuma kutoka kaskazini na maji yanakwenda kaskazini, kwa hiyo kupanda mto unatweka tanga, na kushuka unasaidiwa na mkondo huku ukibisha, mara ukingo huu, mara ule. Tulilala chomboni, kimefungwa ukingoni. Hakuna choo, na usiku wa Januari ni baridi kweli. Bebeni sweta na blanketi. Kwa mzee au mtoto mdogo, mimi nisingeshauri.

Kuhusu fedha: madirisha mengi ya tiketi hupokea kadi ya benki tu, lakini teksi, boti na bakshishi vinataka noti ndogo ndogo za paundi. Wachuuzi wa Luxor wana msukumo mkali. Salamu ya heshima na "la, shukran" iliyotulia ilitutosha. Aswan ni pole zaidi. Huko tulisemeshwa Kiarabu kila mahali kwa kudhaniwa Wanubi, wenyeji wa huko, tukakaribishwa chai na watu ambao hawakuwa na kitu cha kutuuzia.

Kwenye mahekalu ya Abu Simbel pia tulikwenda, karibu kilomita 300 kusini mwa Aswan, safari ya alfajiri. Sanamu za Farao Ramesses II ni za kustaajabisha, na kule kuhamishwa kwa mahekalu ili yasizamishwe na maji ya Bwawa Kuu, kati ya 1964 na 1968, mita 65 juu ya mahali pa awali, ni kazi ya kuheshimika. Lakini magari hufika kwa pamoja na umati ni uleule wa meli. Siku zenu zikiwa chache, ondoeni Abu Simbel. Esna msiiondoe.