DaVinci Resolve ya bure kwa sisi wa harusi na sendofu

Jamani mie napiga video za harusi, wikiendi moja narudi na kadi nne za kamera, klipu kama mia sita hivi, na zamani nilikuwa nazimwaga zote kwenye folda moja naiita "mpya2", halafu namtafuta mama wa bibi harusi akilia mpaka adhana ya alfajiri inanikuta kwenye kiti.

Sasa hivi nipo na DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ile ya bure (Studio, ile ya kulipia, ni dola 295, huko bado sana). Kitu kilichonimaliza ni Source Tape kwenye peji ya Cut, unagusa tu klipu zote zinaungana kama mkanda mmoja mrefu, unabonyeza L inakimbia, L tena inaongeza spidi, K inasimama, J inarudi nyuma, ukikuta kitu kitamu unagonga M unaweka alama basi unasonga. Zile za kamera ikirekodi viatu vyangu nazipita chap.

Halafu kuna Clone Tool kwenye peji ya Media, inakopi kadi huku inahakiki kama faili limefika zima. Hii natumia kila mara, maana niliwahi kufuta kadi kabla sijacheki, keki yote ikaenda, maharusi wakalishana hewani.

Ubaya wake inataka mashine kweli. Laptopu ya ram 8 itakohoa, hasa na 4K, tengeneza proksi (nakala nyepesi za klipu) kwanza ukalale, asubuhi ndo uanze kuangalia.

Nyota nne.